Sinema ya ufukweni Mbamba Bay: Tuliambiwa tubaki, tukaondoka

Kijana wa mjini, wewe uliyezoea kukata tiketi kwa simu, kupanda ngazi za umeme na kuzama kwenye kiti cha kunesa na bisi zako mkononi, leo kaa mkao wa kula nikupeleke mbali kidogo. Nakupeleka kwetu Mbamba Bay, mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Enzi zile tulikuwa wilaya ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa imekuja kuzaliwa 2012, na makao makuu yake yakawa hapo hapo Mbamba Bay. Usinicheke nikisema tulikuwa na sinema ya ufukweni. Tulikuwa nayo bwana. Ila haikuwa na ukuta wala paa, na mwenyewe alikuwa akija nayo ndani ya Land Rover na kuondoka nayo asubuhi.

Tuliiita sinema ya bure. Gari la serikali lilishuka milima kutoka Mbinga, kona baada ya kona, na sisi watoto tulikuwa tunalisikia kabla ya kuliona, maana lilikuwa na kipaza sauti juu ya paa. Likianza tu kuita, shule imekwisha! Mwalimu mwenyewe anatoka nje. Wakati wa masika lilikuwa haliji kabisa, barabara ile ilikuwa utelezi mtupu. Kwa hiyo kwa mwaka mzima tungeweza kulipata mara moja au mbili, na mwaka mwingine lisionekane.

Jua la kwetu linazama ziwani, upande wa Malawi. Likishazama, jamaa wa gari wanafunga kitambaa cheupe kati ya miembe miwili karibu na maji, jenereta wanaliweka mbali nyuma ya nyumba ili lisipige kelele, mashine ya picha inakaa juu ya meza ya kuazima. Watu wanakaa mchangani, watoto mbele, akina mama katikati na vitenge vyao, wanaume nyuma wamesimama kama vile wamepita tu. Saa mbili usiku mashine inawashwa.

Sasa sikia utamu wake. Upepo wa mwera ukivuma, kitambaa kinajaa kama tanga, na sura ya mtu kwenye picha inavimba shavu moja. Halafu kuna kungu. Wewe mtu wa Sinza hujui kungu. Ni vidudu vidogo vya Ziwa Nyasa, vinaruka kwa mawingu hadi ukitazama kwa mbali unadhani ziwa linafuka moshi, na sisi tunavikamata na kuvila. Wakifuata ule mwanga wa mashine, picha yote inageuka vumbi linalotembea. Watu wanapiga miluzi, fundi anapunga kofia yake mbele ya lenzi, mambo yanaendelea.

Na kulikuwa na wa upande wa pili. Kitambaa kile kilikuwa kinapitisha picha, kwa hiyo wavuvi walikuwa wanasogeza mitumbwi hadi karibu na ufuko na kutazama kutoka majini, nyuma ya pazia. Kule nyuma kila mtu kwenye picha alikuwa anatumia mkono wa kushoto! Analia chakula kushoto, anasalimia kushoto, na askari wanapiga saluti ya kushoto. Asubuhi ukisikia watu wanabishana gengeni kwamba yule bwana aliingia mlango wa kulia au wa kushoto, ujue mmoja alikuwa nchi kavu na mwenzake alikuwa kwenye mtumbwi.

Baba yangu alikuwa wa kwenye mtumbwi. Mzee huyo aliichukia sinema, na alikuwa na sababu. Dagaa wa Nyasa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mvuvi analala. Sinema nayo inataka giza hilo hilo. Kwa hiyo gari likija usiku mzuri wa dagaa, wenzake wote wanazima karabai na kukaa kutazama picha, na yeye hawezi kuvuta wavu peke yake. Akawa anasonya, anakaa ndani ya chombo, anatazama hadi mwisho. "Picha haziliwi," alikuwa anasema. Lakini hata siku moja hakuondoka kabla taa ya mashine haijazimwa.

Picha zenyewe? Kwanza Mwalimu Nyerere anahutubia, au anapanda mti, au anapokea mgeni uwanja wa ndege. Halafu somo. Nakumbuka 1973 vizuri, mwaka wa ile kampeni ya Mtu ni Afya, redio nzima inaimba vyoo na maji ya kuchemsha, na gari lilipokuja lilikuwa na somo hilo hilo. Mwisho kabisa ndipo anakuja yule mzungu mwenye kofia, masharubu madogo na fimbo, Charlie Chaplin. Aliwekwa mwisho makusudi ili tumalize vyoo kwanza.

Wazee wengi walikuwa wanasikia Kinyasa zaidi kuliko Kiswahili cha redio, kwa hiyo kijana mmoja aliyewahi kwenda kukata mkonge Tanga alisimama kando ya kitambaa na kuwatafsiria. Kutafsiri kwenyewe sasa! Daktari kwenye picha amesema maneno matatu, jamaa anatoa maneno thelathini, anaweka na jina la jirani fulani asiyekuwa na choo. Ufuko mzima unaanguka kwa kicheko. Miaka ya 90 watoto wa Dar mkaja kumshangilia Lufufu kwa kutia maneno ya Kiswahili kwenye filamu za kigeni. Mtaalamu kweli, sikatai. Sisi tulikuwa na Lufufu wetu 1973.

Hapa nifungue mabano kidogo ya historia, maana gari hilo halikuanza na sisi. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walikaa Vugiri huko Usambara wakitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba posta, wakazitembeza kwa lori Tanganyika, Nyasaland na nchi nyingine za jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 50 serikali ya kikoloni ikaita kampuni ya Johannesburg, African Film Productions, zikatengenezwa filamu za hadithi kwa Kiswahili. Mojawapo ni Muhogomchungu ya 1952: mtu wa shamba anaingia mjini na fedha zake na kukutana na matapeli. Na unajua nyota wake alikuwa nani? Kijana wa huku huku kwetu Ruvuma, Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, Simba wa Vita mwenyewe. Kabla ya siasa alikuwa mtumishi wa ustawi wa jamii, na aliwahi kuongoza kikosi cha sinema ya kutembea.

Mzee wangu alikuwa ameiona Muhogomchungu akiwa kijana. Kwa hiyo 1973, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, picha yake ikitokea kwenye kitambaa akiwa na suti, Mzee alikuwa anapaza sauti kutoka kwenye mtumbwi: "Huyo bwana nilimwona akitapeliwa Dar es Salaam!" Watu wanamwambia anyamaze, asije akatuletea balaa. Naye anaapa kwa jina la marehemu mama yake.

Sasa angalia kitu kimoja ambacho mimi nimekitafakari miaka mingi. Filamu zile zote, za mkoloni na za kwetu baada ya uhuru, zilikuwa zinasema neno moja: kijana, mjini siyo pazuri, kaa kijijini. Muhogomchungu ilisema hivyo. Katikati ya miaka ya 70 shirika letu la filamu, TFC, likatoa Fimbo ya Mnyonge, nayo ikasema hivyo: kijana anakwenda mjini, anahangaika, anarudi kwenye kijiji cha ujamaa. Sawa. Lakini ili unionyeshe ubaya wa mji, lazima kwanza unionyeshe mji! Sisi tuliokaa mchangani hatukuwa tunamtazama tapeli. Tulikuwa tunatazama taa za barabarani nyuma ya tapeli. Tunatazama viatu vyake.

Dada yangu ndiye alinifanya nilijue hilo. Usiku ule wa Mtu ni Afya, kwenye picha alitokea muuguzi. Gauni jeupe, saa ndogo imebanwa kifuani, anateremka kwenye gari ambalo ameliendesha mwenyewe. Mwanamke! Anaendesha! Muuguzi akaingia kwenye nyumba ya nyasi na kuanza kueleza habari za kuchemsha maji. Dada hakusikia hata neno moja la maji. Kesho yake alichukua kizibo cha soda, akakitoboa, akakibandika kwenye nguo yake kwa pini upande wa kushoto. Nilimwuliza, "Dada, hicho nini?" Akasema, "Saa." Alikuwa na miaka 15.

Mwaka 1977 aliondoka. Meli hadi Itungi, gari hadi Mbeya, halafu treni ya TAZARA ambayo wakati huo bado ilikuwa inanukia rangi. Mama alimkaangia mbasa na kumfungia kwenye majani. Mzee hakuja gatini. Alikuwa ametoka na mtumbwi mapema kuliko siku zote. Jioni alikula kimya, halafu akatamka sentensi ambayo hadi leo ikinijia nasimama hapo hapo nilipo: "Gari lile lilikuja kutufundisha kuchemsha maji, likaondoka na binti yangu."

Hakuwa dada peke yake. Katika nyumba mbili zilizopakana tulikuwa watoto sita, na aliyebaki Mbamba Bay ni mmoja. Wavulana wengine walivutwa na suruali tu, nakwambia kweli. Bugaluu! Kwenye picha tuliziona, lakini Tanzania Operesheni Vijana ya 1969 ilikuwa imepiga vita suruali za kubana pamoja na vimini, na ukisema uvuke kwenda Malawi ukazivae huko, Kamuzu Banda naye alikuwa na sheria yake kali ya mavazi, 1973. Ziwa lote lilikuwa halivaliki.

Gari la sinema nalo likaacha kuja. Mara ya mwisho kuliona ilikuwa kabla ya vita ya Kagera, iliyoanza Oktoba 1978. Baada ya vita mafuta yakawa dhahabu, tairi hazipatikani, na nani angechoma dizeli kutoka Songea kuja kuwaonyesha Wanyasa Chaplin? Watoto waliozaliwa baada yetu waliiona miembe ile kama miembe.

Mimi nilitua Dar 1982. Dada alikuwa ameshavaa gauni lake jeupe kwenye hospitali moja ya jiji, saa ya kweli kifuani, na alikuwa na mchumba mwenye Datsun chakavu. Wiki ya kwanza tu wakanipeleka Drive-In ya Msasani.

Wewe unayepita Barabara ya Bagamoyo ya zamani kila siku, je, unajua pale palikuwa nini? Drive-In ilifunguliwa 1966. Ukuta mkubwa mweupe, uwanja mpana wenye matuta ili gari liinue pua, na kila kituo kina nguzo ya spika. Unaingia, unaegesha, unachukua spika yako unaining'iniza kwenye kioo cha gari, basi, sinema yote iko sikioni. Upepo wa bahari unafika. Familia za Kihindi zinakuja na vyakula vyao kama wanakwenda harusini, watoto wamevaa nguo za kulalia kabisa. Wasio na gari nao walikuwepo. Vijana wa ujanja walikuwa wanafichana kwenye buti ili wapunguze kiingilio, na ukisikia gari linakohoa kwa nyuma ujue hilo. Kuhusu magari ya mstari wa mwisho, yale yenye vioo vilivyojaa mvuke, hilo ni gazeti la familia, niishie hapo.

Tulitazama Sholay. Shemeji mtarajiwa alikuwa ameiona mara nne, kwa hiyo alikuwa anasema maneno kabla ya waigizaji, na dada anamfinya. Mimi kiti cha nyuma nimeduwaa. Mbamba Bay kungekuwa na watu mia tatu wanabishana na picha; hapa kulikuwa na mamia ya watu na sikusikia sauti ya mtu yeyote isipokuwa dada na shemeji. Ukitaka kujua kama gari la jirani wamecheka, unaangalia kama linatikisika.

Miaka yenyewe ilikuwa migumu. Jumapili magari ya watu binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani kuanzia saa nane mchana kwa ajili ya kubana mafuta, na Jumapili ndiyo siku ya sinema! Fikiria sinema ya magari katika jiji ambalo gari limepigwa marufuku. Lakini watu waliing'ang'ania hivyo hivyo. Jumamosi foleni inafika barabarani.

Halafu zikaja video. Mwenye deki ya video aliwaita majirani sebuleni, na mwenye sebule kubwa akaanza kuwatoza. Zanzibar walikuwa na televisheni yao ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, sisi wa bara tukaja kuipata 1994, na ilipokuja hakuna aliyetaka kutoka. Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox, majina ambayo vijana wa Dar walikuwa wanayataja kama mnavyotaja wachezaji wa mpira, yakazimika moja baada ya jingine. Drive-In nayo ikafa. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa Agosti 7, 1998, uwanja ule ndio uliojengwa ubalozi mpya, ukafunguliwa 2003. Mmarekani mmoja, mwanahistoria Laura Fair, ameandika kitabu kizima juu ya sinema za Tanzania, kilitoka 2018, na Drive-In imo. Asante yake. Sisi wenyewe tulibaki na stori za kijiweni. Nikipita pale na dada, ambaye sasa ni mstaafu, anageuza shingo hadi ukuta uishe. Siyo mahali pa kusimamisha gari ukaanza kuvuta kumbukumbu.

Mbamba Bay nayo haikukaa gizani milele. Miaka ya 90 likaja banda umiza: mabati, mabenchi, jenereta, na TV ndogo juu ya meza. Van Damme asubuhi, Van Damme jioni. Siku hizi lami imefika kutoka Mbinga, umeme upo, na wapwa zangu wanatazama tamthilia za Kikorea kwenye simu, kila mmoja na kitu chake masikioni, wamekaa ufuko ule ule. Mwembe mmoja kati ya ile miwili umekatwa. Nimewaonyesha mahali kitambaa kilipokuwa. Mmoja akauliza, "Mjomba, sasa mlikuwa mnapoozi vipi?" Ilibidi nicheke.

Lakini sijamaliza habari za Mzee. Mwaka 1986 alikuja Dar kutibiwa mtoto wa jicho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona jiji ambalo lilikuwa limemchukulia watoto wawili. Baada ya kufunguliwa bandeji, na daktari kusema anaona vizuri, dada akasema hakuna mjadala, twende Drive-In. Shemeji akamweka kiti cha mbele, akamwekea spika karibu na sikio. Mzee akaitazama ile spika, akatazama ukuta mweupe, akatazama magari kulia na kushoto. Picha ikaanza. Baada ya dakika kumi akamgeukia dada.

"Mwanangu, na wale wa nyuma wanaona nini?"

"Nyuma wapi, baba?"

"Nyuma ya kitambaa."

Dada akamweleza kwamba hiki siyo kitambaa, ni ukuta, nyuma hakuna mtu. Hakukubali. Akafungua mlango, akashuka na bakora yake, akaanza kutembea katikati ya magari, watu wanapiga honi. Nikamfuata mbio. Tuliuzunguka ule ukuta wote. Nyuma kulikuwa na nguzo, majani marefu na mbu. Alisimama pale muda mrefu, ametega sikio upande wa bahari kama mtu anayesubiri mitumbwi. Kisha akanishika bega, tukarudi kwenye gari, na dada akamfutia macho kwa leso kwa sababu daktari alikuwa ametuonya juu ya vumbi.

Aliporudi Mbamba Bay watu walijaa kibarazani kusikia habari za Dar. Aliwaambia ameona sinema ambayo kila mtu amejifungia ndani ya gari lake, sauti anaisikia peke yake, na mpaka inakwisha hakuna aliyemsalimia mwenzake. Walimwambia macho bado hayajapona.